Kula Samaki Japani Bila Kujua Kijapani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wanaokwenda kusoma, wafanyabiashara wa magari wanaopita Yokohama na Nagoya, na jamaa wanaokwenda kutembea tu. Yanaanza na mambo ya msingi. Mwenye haraka ya kujua habari za halali aende swali la 15. Mwenye mzio aende la 16.

## Kabla hujaingia

1. Sijui Kijapani hata kidogo. Nitaweza kula samaki bila mkalimani?

Utaweza, tena utakula vizuri. Migahawa mingi ya Japani imepangwa ili hata Mjapani mwenye haya asilazimike kusema sana. Nje kuna sanamu za chakula, mezani kuna skrini, mlangoni kuna mashine ya tiketi, ukutani kuna picha. Ukichagua mahali ambapo kuagiza hakuhitaji mazungumzo, lugha haitakusumbua sana.

Ugumu wa kweli unakuja pale unapotaka kujua kilichomo ndani ya chakula. Kidole kitakupatia samaki, lakini hakiwezi kuuliza kama mchuzi una pombe au kama mafuta hayo hayo yamekaangia kamba. Kwa mambo hayo unahitaji maandishi, nayo yanaandaliwa kabla ya safari, wakati bado una utulivu.

2. Nianzie mgahawa wa aina gani?

Siku ya kwanza nenda kwenye sushi ya mkanda, yaani kaitenzushi. Swali la 6 linaeleza inavyokwenda.

Baada ya hapo jaribu migahawa ya teishoku, mlo kamili kwenye sinia: samaki, wali, supu ya miso na kachumbari kidogo. Mingi huweka sanamu za vyakula dirishani, zilizotengenezwa kwa plastiki kwa ustadi hadi unaona mafuta yaking'aa kwenye ngozi ya samaki. Mji wa Gujo Hachiman, mkoani Gifu, unajulikana kwa kazi hiyo. Mwite mhudumu, toka naye nje, mwonyeshe unachotaka, mrudi ndani. Hakuna anayeshangaa.

Izakaya, yaani baa za chakula, zina samaki wazuri na bei ya kuvumilika, ila menyu zake huandikwa kwa mkono na ndipo wageni wengi wanapokwama. Mwishoni kabisa weka kaunta ndogo ya sushi yenye viti vinane na mpishi mmoja aliyekunja uso. Usianze nayo.

3. Nitajuaje kama pamefunguliwa?

Tazama pazia fupi la kitambaa juu ya mlango, noren. Likiwa limetundikwa nje, kuna huduma. Kibao cha 営業中 maana yake wako kazini, na 準備中 maana yake bado wanaandaa. Migahawa mingi ya samaki hufunga kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo aliyezoea kula saa tisa atatembea sana.

4. Programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha?

Kwa maandishi ya chapa, ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Pakua Kijapani mapema ili ifanye kazi hata bila intaneti, na itafsirie kwenda Kiingereza ikiwa unakisoma, maana kwa Kiswahili majina ya samaki huvurugika vibaya. Kwa menyu ya mwandiko wa brashi, yenye mistari ya kwenda chini na bei kwa herufi za Kijapani, usitarajie mengi. Mara nyingi inakupa neno kama "mungu" au "ukuta" mahali pa samaki. Hapo nenda kwenye swali la 7.

Kuna kosa jingine la watumiaji, nalo ni kuandika sentensi ndefu yenye adabu nyingi. Andika fupi: "Sili nguruwe." "Hii ina pombe?" Sentensi ya maneno matatu hufika salama.

5. Maneno gani nikariri?

Machache sana. Mswahili ana bahati hapa, kwa sababu Kijapani kina irabu zilezile tano na silabi nyingi huishia na irabu. Soma neno kama lilivyoandikwa na utaeleweka kuliko Mzungu aliyesoma miezi sita. Angalia tu kwamba u ya mwisho humezwa, ndiyo maana "desu" husikika kama "des".

*Sumimasen* ni la kuita mhudumu, kuomba radhi na kuomba njia. *Kore o kudasai* ni "nipe hiki", likiambatana na mkono. *Osusume wa?* ni kuuliza wanachokipendekeza. Hesabu ya vitu ni *hitotsu, futatsu, mittsu*: kimoja, viwili, vitatu. *Okaikei onegaishimasu* ni kuomba bili. Ukiondoka sema *gochisosama deshita*, shukrani ya mlo, na utaona sura ya mpishi inavyobadilika.

Mlangoni utapigiwa kelele ya *irasshaimase*. Huhitaji kuijibu. Watakachouliza baadaye ni mko wangapi, onyesha vidole.

## Kuagiza

6. Sushi ya mkanda inakwendaje?

Mtindo huu ulianza mwaka 1958 huko Higashiosaka, mgahawa wa Shiraishi Yoshiaki, aliyepata wazo hilo baada ya kuona chupa za bia zikisafirishwa kwa mkanda kiwandani. Siku hizi unakuta minyororo mikubwa kama Sushiro, Kura Sushi na Hama Sushi karibu kila mji.

Mlangoni kuna mashine: bonyeza idadi ya watu, chagua meza au kaunta, chukua namba. Mezani kuna skrini, na kitufe cha lugha mara nyingi kipo pembeni. Unagusa picha, sahani inakuja mbio kwenye reli ya juu na kusimama mbele yako. Zamani sahani zilizunguka tu ukajichukulia. Tangu video ya Januari 2023 ya kijana aliyelamba chupa ya mchuzi wa soya na kugusagusa sushi za wengine, migahawa mingi imepunguza au kuacha mtindo huo na kuleta kilichoagizwa tu. Sahani ambayo hukuiagiza na ina alama ya meza nyingine, iache ipite.

Bomba dogo jeusi mbele yako lina maji ya moto ya kutengenezea chai. Weka unga wa chai ya kijani kwenye kikombe, sukuma kikombe kwenye kitufe, maji yanatoka. Wageni hulidhani ni la kunawia na huunguza vidole. Kunawa hakuhitajiki, kuna vitambaa vyenye maji.

Ukimaliza, bonyeza kitufe cha bili. Kwingine mhudumu huja kuhesabu sahani kwa rangi, kwa hiyo usizichanganye wala kurudisha sahani tupu kwenye mkanda.

7. Menyu ni maandishi matupu, hakuna hata picha. Nianzie wapi?

Achana na majina ya samaki kwanza. Tafuta herufi zinazosema amepikwaje, kwa sababu ni chache na hurudi kila mahali. 刺身, *sashimi*, ni vipande vya samaki mbichi, na maeneo ya Osaka na Kyoto huandika 造り. 焼 ni kuchoma. 塩焼, *shioyaki*, ni kuchoma kwa chumvi tupu, na hiyo ishike kuliko zote. 煮 ni kuchemsha kwenye mchuzi wa soya, 揚 ni kukaanga kwenye mafuta mengi, 蒸 ni kwa mvuke, 汁 ni supu, 丼 ni bakuli la wali lenye kitu juu.

Halafu kuna 盛り合わせ, *moriawase*, yaani mchanganyiko. Ukisema *sashimi moriawase*, mpishi anakupangia vipande vya samaki bora wa siku hiyo na wewe umeepuka kuchagua. Kwenye izakaya hili ndilo agizo langu la kwanza kila mara. Karatasi iliyobandikwa ukutani yenye 本日のおすすめ ni mapendekezo ya leo, na kwa kawaida ndipo walipo samaki waliofika asubuhi.

Yote yakishindikana, mwachie mwenye nyumba. Katika kibaraza kimoja cha Hakodate mzee wa jikoni alichoka na simu yangu, akaingia ndani, akarudi na samaki mzima mwenye barafu kwenye mapezi. Akamwinua. Akafanya mkono kama kisu, akanitazama. Akafanya vidole vinavyochezacheza chini kama moto, akanitazama tena. Nikaonyesha moto. Dakika ishirini baadaye tulikuwa tumeelewana kabisa.

8. Majina ya samaki yapi ni muhimu?

Jodari ni *maguro*. Nyama nyekundu ni *akami*, yenye mafuta kiasi ni *chutoro*, ya tumboni yenye mafuta mengi ni *otoro*, na bei hupanda kwa mpangilio huo. Meli za Japani zimevua jodari Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1950, kwa hiyo inawezekana unachokula kilipita si mbali na kwenu.

*Katsuo* ni sehewa. Huchomwa kwa juu tu kwa moto mkali na kubaki mbichi ndani, na watu wa Kochi ndio wenye sifa. *Aji* ni wa jamii ya kolekole, *iwashi* ni wa jamii ya dagaa, *saba* ana undugu na kibua, *tai* anamkaribia changu kwa ladha. *Tako* ni pweza, *ika* ni ngisi, *ebi* ni kamba, *kani* ni kaa, *kaki* ni chaza. *Unagi* ni mkunga wa mtoni na *anago* wa baharini. Pweza wengi wanaoliwa Japani hutoka Mauritania na Moroko, kwa hiyo vile vidonge vya takoyaki vya Osaka mara nyingi vina Mwafrika ndani.

*Samon* mbichi, anayependwa na watoto wote wa Japani, ni mgeni pale. Samoni wa Pasifiki hakuliwa mbichi kwa sababu ya minyoo. Ni Wanorwe waliokuja kumtangaza samaki wao wa kufugwa kwa ajili ya sushi miaka ya 1980.

9. Mimi sili kitu kibichi. Nitapata cha kula?

Utapata mpaka uchoke. Watu wengi wa kwetu hudhani chakula cha baharini cha Japani ni kibichi tu, na wanashinda njaa au wanakwenda kula kuku wa kukaanga. Mjapani wa kawaida nyumbani kwake anakula samaki wa kuchoma.

Agiza *saba no shioyaki teishoku*. Inakuja nusu ya samaki, ngozi imepasuka na kuvimba kwa moto, mafuta yakichuruzika pembeni, na kilima kidogo cha figili nyeupe iliyokunwa. Dondoshea soya kwenye figili, chukua kidogo pamoja na nyama, wali ufuate. Kwa kawaida ni kama yen 1,000, wakati mwingine pungufu, na mahali pengi unaongezwa wali bure. Msimu wa vuli badala yake agiza *sanma*, samaki mwembamba anayechomwa mzima na matumbo yake. Uchungu wa tumboni ndio wanaousifia. Anayeushindwa aache sehemu hiyo.

Kuna pia tempura, yaani vyakula vilivyovikwa unga na kukaangwa, chaza wa kukaanga na *aji* wa kukaanga kwa chenga za mkate. Mkunga wa kuchoma ni mtamu sana lakini mchuzi wake una habari zake, zipo swali la 15.

10. Omakase ni nini, na inafaa kwa asiyejua lugha?

Ni kumwachia mpishi achague. Kwa upande wa lugha ni rahisi kupita yote, maana huagizi kitu: unakaa, vinakuja kimoja kimoja, unakula. Kwa upande wa mfuko ni jambo jingine. Ginza, mtaa wa kifahari wa Tokyo, mlo wa jioni unaweza kupita yen 20,000 kwa mtu mmoja bila shida, wakati mchana nyumba zilezile huuza seti kwa bei ya chini zaidi.

Masharti ni haya: weka nafasi kupitia hoteli yako, taja mapema usichokula, fika kwa wakati, na usijipake manukato. Ukighairi siku yenyewe utalipa, na wana haki, kwa sababu samaki wako alishanunuliwa.

## Mezani

11. Nile kwa mkono au kwa vijiti?

Nigiri, kile kitonge cha wali chenye samaki juu, huliwa kwa mkono bila aibu yoyote. Sisi tuliokulia kwenye sinia tupo nyumbani. Sashimi isiyo na wali huliwa kwa vijiti.

Mambo mawili kuhusu vijiti yashike: usivichomeke vikasimama kwenye wali, na usimpokeze mtu chakula kutoka vijiti hadi vijiti. Yote mawili ni ya msibani. La pili linafanana na jinsi wafiwa wanavyookota mifupa baada ya maiti kuchomwa. Ukishindwa kabisa omba *foku*, watakupa.

12. Soya, wasabi na tangawizi vinatumikaje?

Chovya upande wa samaki, kidogo. Wali ukizama soya, kitonge kinasambaratika. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki mmoja na mwingine, haiwekwi juu. Wasabi, kile kiungo cha kijani kinachowasha puani, kwenye nigiri ya kaunta tayari imo chini ya samaki. Huiwezi? Sema *sabi nuki*. Kwenye sushi za mkanda siku hizi mara nyingi haiwekwi kabisa, unajiongezea kwa pakiti.

## Bili

13. Nimeletewa kibakuli ambacho sikuagiza, kisha nikatozwa. Nimeibiwa?

Hapana. Hiyo ni *otoshi*, kionjo kinachokuja na kiti chako kwenye izakaya, na kwa kawaida ni kati ya yen 300 na 500 kwa kila mtu. Kifikirie kama kiingilio. Nyumba chache hukubali kukiondoa ukisema mapema, lakini kwa ushauri wangu kile tu, mara nyingi kinakuonyesha jikoni kukoje. Wenye shaka na kilichomo waangalie kwanza swali la 15.

14. Nitajuaje bei? Na bakshishi je?

Bakshishi haitolewi. Ukiiacha mezani mhudumu atakukimbilia nje akidhani umesahau.

Kuhusu bei, herufi ya kuogopa ni 時価. Maana yake bei ya siku, na hukaa mbele ya vitu kama kaa mzima, kamba koche na abaloni. Uliza kabla: *ikura desu ka*, na mpe simu au kalamu aandike namba. Pia tofautisha 税込, bei yenye kodi, na 税別 au 税抜, ambayo kodi bado. Kodi ni asilimia 10 ukila pale na 8 ukibeba. Kwenye menyu za ukutani namba huwa 一二三 badala ya 1, 2, 3, kwa hiyo jifunze hadi kumi.

Beba fedha taslimu. Nyumba ndogo za wazee bado nyingi hazipokei kadi.

## Dini na afya

15. Samaki wa Japani ni halali?

Samaki mwenyewe hana tatizo. Tatizo ni kinachomzunguka. *Mirin* ni pombe tamu ya mchele yenye kileo cha karibu asilimia 14, na *sake* ya kupikia, pombe nyingine ya mchele, nayo hutumika sana. Vyote viwili vimo kwenye samaki wa kuchemsha, kwenye mchuzi wa mkunga, mara nyingi kwenye mayai ya sushi, na jikoni kwingine hata kwenye siki ya wali. Soya huzalisha kileo kidogo inapochachuka, na viwanda vingine huongeza; kwenye lebo tafuta 酒精 au アルコール. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu kileo kinachotokana na kuchachuka, kwa hiyo muulize sheikh unayemwamini kabla ya safari, usimuulize mpishi.

Kinachobaki salama zaidi kwenye mgahawa wa kawaida ni *shioyaki*, yaani samaki na chumvi, ukala na limau, na sashimi ukatumia soya ya halali uliyobeba mwenyewe kwenye kichupa. Hata hapo uliza, maana wapo wanaomnyunyizia samaki sake kabla ya kumchoma ili kuondoa shombo. Kwa vya kukaanga, uliza kama mafuta ni ya nguruwe: ラード.

Andika karatasi hii uionyeshe: 私はイスラム教徒です。酒、みりん、豚肉は食べられません。入っていますか。 Inasema wewe ni Mwislamu, huli sake, mirin wala nguruwe, na inauliza kama vimo. Wakikuambia hawana hakika, hiyo ni "hapana" ya adabu. Shukuru, ondoka.

Migahawa yenye cheti ipo, hasa Asakusa na maeneo mengine ya watalii Tokyo. Msikiti wa Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, una duka la bidhaa za halali, na Kobe kuna msikiti tangu 1935. Waumini wa hapo ndio watakaokuambia nani anapika nini kwa sasa.

16. Nina mzio wa kamba au kaa. Nifanyeje?

Hapa usibahatishe. Japani inalazimisha kamba na kaa kuandikwa kwenye lebo za vyakula vilivyofungwa, pamoja na ngano, mayai, maziwa, karanga na buckwheat, nafaka ya tambi za soba. Lakini migahawa hailazimiki kisheria kufanya hivyo. Minyororo mikubwa huwa na jedwali la mzio kwenye tovuti au kwenye skrini. Kibanda cha familia hakina.

Onyesha maandishi haya: 私はエビとカニのアレルギーがあります。少しでも危険です。 Sentensi ya pili inasema hata kidogo ni hatari. Epuka tempura kabisa, kwa kuwa mafuta ni mamoja, na supu za miso za migahawa ya baharini ambazo huchemshwa na vichwa vya kamba. Namba ya gari la wagonjwa ni 119.

Mwenye mzio wa samaki wote ajue kwamba mchuzi wa msingi wa Kijapani, *dashi*, hutengenezwa mara nyingi kwa sehewa mkavu, na umo hata kwenye mboga.

17. Samaki mbichi ni salama kweli?

Kwenye nyumba yenye wateja wengi, hatari ni ndogo lakini ipo. Mdudu anayesumbua ni anisakisi, mnyoo mweupe wa saizi ya uzi, anayependa *saba*, ngisi na sehewa. Hufa akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24, au akipikwa hadi nyuzi 70. Siki, chumvi na wasabi havimuui, hata kama mjomba fulani amekuhakikishia hivyo. Ukipata maumivu makali ya tumbo saa chache baada ya kula, nenda hospitali useme *anisakisu*. Madaktari wa huko humtoa kwa kamera ya tumboni na huwa wamezoea.

Mwenye ugonjwa wa ini au kinga dhaifu aachane na chaza wabichi.

18. Mimi ni mjamzito. Kipi niache?

Wizara ya afya ya Japani inawashauri wajawazito wapunguze samaki wakubwa wenye zebaki. Kwa jodari wa *kuromaguro* na *mebachi* na kwa *mekajiki*, samaki mwenye mdomo kama upanga, kiasi ni karibu gramu 80 kwa wiki. Sehewa, samoni, *aji* na dagaa hawana kizuizi hicho. Kuhusu kula kibichi kwa jumla, msikilize daktari wako.

## Mambo ya pembeni

19. Vipi kuhusu bunju?

Ndiye *fugu*, samaki yule anayejivimbisha, ambaye wavuvi wa pwani yetu wanamjua kwa sumu. Sumu yake haiharibiwi na moto na haina kiuasumu. Japani huandaliwa na wapishi wenye kibali maalumu, na ini lake limepigwa marufuku. Mwaka 1975 mwigizaji mashuhuri wa kabuki, Bando Mitsugoro wa nane, alifariki Kyoto baada ya kula maini hayo.

Mgahawani, hasa Shimonoseki ambako ndiko kwao, kula bila hofu. Ladha yake ni nyepesi sana, na kwa bei ile wapo watakaotoka wakijiuliza sifa zote zilitoka wapi.

20. Kuna vitu ambavyo naweza kuviagiza bila kujua na nikajuta?

Vipo. *Shirako* ni mbegu za kiume za chewa, nyeupe, laini, zimejikunja. *Namako* ni jongoo bahari, yuleyule anayekaushwa Zanzibar kwa soko la Asia; Japani anakatwa mbichi na kutiwa siki, na anatafunika kama mpira. *Odori* kwenye jina la kamba maana yake yu hai na atacheza mdomoni. *Uni* ni sehemu ya ndani ya yule mnyama wa miiba mieusi anayewachoma watu maji yakipwa. Ina rangi ya chungwa, laini kama siagi. Akiwa mzuri ni mtamu ajabu, akiwa wa bei rahisi ni uchungu mtupu.

クジラ ni nyangumi. Japani ilirudia uvuvi wake wa kibiashara Julai 2019. Usipotaka, ijue herufi hiyo.

21. Nimekataliwa mlangoni kwa mikono iliyokingamana. Ni ubaguzi?

Wakati mwingine ndiyo, na hakuna haja ya kuupaka rangi. Mara nyingi zaidi viti vimejaa, samaki wameisha, au nafasi ni za waliopiga simu. Kuna pia mwenye nyumba anayeogopa kwamba mtashindwa kuelewana na akakuudhi, hivyo anaona heri akuzuie mapema. Huyo hulainika ukionyesha neno moja tu: *osusume*, au *omakase de*. Akiendelea kukataa, mlango wa pili uko hatua kumi.

22. Soko gani linafaa kwenda?

Mnada wa jumla wa Tokyo ulihama Tsukiji kwenda Toyosu Oktoba 2018. Toyosu ndiko jodari wa kilo 278 aliuzwa kwa yen milioni 333.6 kwenye mnada wa kwanza wa mwaka 2019. Maduka ya nje ya Tsukiji yamebaki, yana msongamano, na bakuli za samaki zimepanda bei kwa ajili yetu wageni.

Ningekupeleka Aomori, soko la Furukawa. Unanunua karatasi ya tiketi, unapewa bakuli la wali, unazunguka vibanda: tiketi kwa kipande cha jodari, nyingine kwa kombe, nyingine kwa mayai ya samoni. Unaonyesha, tiketi inachanwa, kipande kinatua kwenye wali. Hakuna sentensi inayohitajika. Soko la Karato, Shimonoseki, nalo hujaa meza za nigiri mwishoni mwa wiki, na Omicho ya Kanazawa ni nzuri wakati wa kaa wa baridi. Popote utakapokwenda kula umesimama mbele ya kibanda. Kutembea huku unatafuna hakupendezi.

23. Nimechoka na migahawa. Naweza kununua nikale chumbani?

Hakika, na kwa mwenye bajeti ya mwanafunzi hii ndiyo njia. Nenda supamaketi saa moja au saa mbili usiku. Mhudumu hupita na stika akipunguza bei za sushi na sashimi. 半額 ni nusu bei. Wenyeji wanajua saa yake na husogea taratibu nyuma yake wakijifanya wanaangalia mboga.

Faida nyingine ni lebo: imeandikwa kwa chapa, ina viambato vyote, simu inaisoma vizuri, kwa hiyo maswali ya 15 na 16 yanakuwa mepesi. Hakikisha pakiti ina 刺身用 au 生食用, ya kuliwa mbichi. Yenye 加熱用 ni ya kupika hata kama inang'aa namna gani, hasa kwa chaza. Masalia ya mgahawani, kwa upande mwingine, usiombe kufungiwa: kwa samaki mbichi watakataa karibu kila mara.

Kwenye kaunta ya malipo watakuuliza kitu chenye neno *hashi*. Ni vijiti. Itikia *hai*, kwa kuwa chumba cha hoteli hakina.